Toleo Jipya la Ubuntu na Suala la Upatanisho wa Kisarufi

Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux, huwa na toleo jipya kila miezi 6. Nambari ya toleo hutaja mwaka na mwezi: la kwanza, 4.10, lilitoka Oktoba 2004. Kabla ya kila toleo kutoka, maneno ya Kiingereza yaliyomo husimamishwa yasibadilishwe tena, ili wafasiri wayashughulikie. Wasipoyawahi, mtumiaji hukuta Kiingereza katikati ya Kiswahili.

Hata hivyo, tatizo la mfasiri wa Kiswahili si muda pekee. Mfano ni sentensi yenye pengo ambalo kompyuta hulijaza jina lolote: “____ imefutwa.” “Picha imefutwa” ni sahihi; “kitabu imefutwa” ni kosa, kwani ngeli ya KI-VI hudai “kimefutwa”. (Neno “faili” lenyewe lingali linagombewa na LI-YA na I-ZI.) Kiingereza hakidai upatanisho huu, hivyo mwandishi wa programu huenda asiuwazie kamwe. Baadhi ya wafasiri huweza kukwepa kwa kuandika “Ufutaji umekamilika: ____”. Sarufi husalimika, ila ladha ya usemi hupotea. Dawa hasa ni sentensi ya Kiingereza kugawanywa kulingana na aina ya kitu kinachofutwa, na ombi hilo hufaa kumfikia mwandishi wa programu mapema, maneno yakiwa bado hayajasimamishwa.