Beseni la Kuku Mbichi Lisirudi Mezani
Kijitabu cha nyumba za Mpala juu ya mabawa ya kuku yenye asali na pilipili

Sababu ya kuandika

Mpala, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, imezijua sikukuu za kanisa tangu mwaka 1885, Mapadri Weupe walipokabidhiwa boma lake, na kila ipitapo sikukuu, iwe Noeli, Pasaka au ile ya tarehe 15 Agosti, mimi niliye katika kituo cha afya hukaa siku mbili nikingoja wagonjwa. Na aghalabu siku ya pili au ya tatu hubishiwa mlango kabla jogoo hajawika, nikamkuta mtoto amebebwa mgongoni, macho yamezama, midomo imekauka, na mama yake akiapa kwamba mwanawe hakula kitu ila mabawa ya kuku, na kwamba mabawa yale yaliiva sawasawa. Mama huyo hasemi uongo, kwani mabawa yaliiva. Lililomdhuru mtoto ni beseni.

Neno lenyewe

Beseni la kuku mbichi lisirudi mezani.

Jinsi beseni linavyotudhuru

Asubuhi mama hukata mabawa, akayatia katika beseni pamoja na ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili na asali, akayafunika yakolee. Jioni huyachoma juu ya mbabula, yaani jiko la makaa, kwa subira na ustadi ambao sina la kuutia kasoro. Kisha, kwa kuwa beseni li karibu na mkono, na chini yake umebaki mchuzi mtamu ambao ni hasara kuumwaga, huyarudisha mabawa yaliyoiva mle mle, akayageuza mara mbili tatu ili yang'ae, akayapeleka kwa wageni. Taabu yote ya moto imebatilika kwa tendo la nukta chache. Mchuzi ule ulilala na nyama mbichi, umenywa maji yake, na madhara yake hayana rangi, wala harufu, wala ladha ambayo ulimi utaitambua.

Watu huniambia pilipili inaua vijidudu. Pilipili haiui. Ndimu haiui, chumvi haiui, wala bia anywayo baba baada ya kula haiui. Ni moto tu, na moto umekwisha pita.

Naulizwa pia: je, mchuzi wa beseni ukichemshwa? Ukitokota kweli kweli, mapovu yakapanda kutoka chini hata juu kwa dakika kadhaa, hauna dhara. Lakini nimeona mingi iliyoitwa imetokota, nayo ilitoa moshi tu. Kwa hiyo hukumu yangu ni moja: umwageni shimoni, mbali na mbwa na watoto, beseni lioshwe kwa sabuni, nanyi msihesabu hasara ya vijiko vitatu vya asali.

Mapishi yasiyo na hatari

Inasimuliwa kwamba mabawa ya namna hii yalianza kupikwa katika mji wa Buffalo, Marekani, mwaka 1964. Kwetu bawa lilikuwa fungu la watoto, na sasa watu wazima wanaligombea.

Kwa kilo 1 ya mabawa, twanga punje 4 za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi kama kidole gumba, na pilipili kwa kadiri ya ujasiri wa nyumba yako. Kamulia ndimu 2, tia kijiko kidogo 1 cha chumvi, koroga. Sasa simama, usiguse nyama bado. Gawa viungo hivyo mafungu mawili, kila fungu chombo chake. Fungu la kwanza litie katika beseni, nalo ndilo litakalokutana na nyama mbichi. Fungu la pili litie katika bakuli safi, ongeza vijiko 4 vikubwa vya asali, funika, uliweke juu ya kabati au popote ambapo mkono wenye damu ya kuku hautafika.

Asali isitiwe katika beseni. Sababu yake ni dhahiri kwa kila aliyewahi kuchoma: asali huungua upesi, bawa likawa jekundu kama kahawia kwa nje ilhali ndani limejaa damu, na mpishi akidanganywa na rangi huliepua kabla ya wakati. Rangi ya asali ni shahidi wa uongo.

Asiye na friji, na wengi wetu hatuna, asiloweke zaidi ya muda wa saa 1. Choma juu ya makaa yaliyokwisha kuvaa majivu, yasiyotoa ndimi za moto, ukigeuza mara kwa mara, karibu nusu saa. Kisha chukua bawa nene kuliko yote, lichome kwa ncha ya kisu penye kiungo: maji yakitoka meupe, na nyama iliyoshika mfupa haina wekundu, yameiva; yakitoka yenye damu, rudisha yote motoni, hata wageni wakiwa wamekwisha kunawa. Ndipo, dakika 5 za mwisho, upake fungu la pili, lile la asali.

Angalieni bua la kupakia. Mama mmoja, mpishi hodari, aligawa mchuzi kama nilivyomwomba, akatenga bakuli, akafunika; lakini bua la mchaichai alilogeuzia nyama mbichi ndilo alilolichovya katika bakuli safi, mbele ya macho yangu. Bakuli likawa beseni. Bua la kwanza litupwe motoni, likatwe jingine. Hali kadhalika kisu, ubao, na mikono: sabuni, au majivu pasipo sabuni, mpaka chini ya kucha.

Na yakiiva, yatiwe katika sahani safi. Beseni la kuku mbichi lisirudi mezani.

Asali na mtoto mchanga

Mtoto asiyetimiza mwaka 1 asilambishwe asali, hata kidogo.

Kuku mwenyewe

Kuku aliyekufa peke yake asiliwe, wala aliyechinjwa kwa haraka kwa sababu ameanza kusinzia, mzikeni. Kuku wa barafu aliyenunuliwa Kalemie na kuletwa kwa mtumbwi, akifika amelegea, apikwe siku hiyo hiyo, asirudishwe katika barafu ya jirani. Ayeyushwe ndani ya chombo kilichofunikwa, chini ya vyakula vingine, asianikwe juani.

Asinyonyolewe wala asioshwe ufukoni pale watu wanapoteka maji. Ziwa Tanganyika ni zuri kwa macho, lakini kipindupindu kinaijua njia ya mwambao huu. Maji ya kunywa, ya kunawia na ya kuoshea sahani yachemshwe mpaka yatokote dakika 1 kamili.

Wageni waliochelewa

Fungu lao lisikae nje zaidi ya muda wa saa 2, na kabla ya kuliwa lipashwe moto mpaka lifuke. Liwekwe wapi? Popote, ila si katika beseni.

Walivyosema wakubwa

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2001 mambo matano ya kuhifadhi chakula: usafi, kutenga kibichi na kilichoiva, kuivisha barabara, kuweka chakula katika joto au baridi ipasayo, na kutumia maji na vyakula salama. Kutenga wamekuweka pa pili. Ningaliulizwa mimi, ningalikuweka pa kwanza.

Akiisha kuugua mtu

Mtu akiharisha, asinyimwe maji. Katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tieni vijiko vidogo 6 vya sukari, vya usawa visivyorundikwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Anywe kidogo kidogo, na mtoto anyonyeshwe kama kawaida. Akiharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, au damu, au akitapika kila anachokunywa, au homa ikipanda, au akiwa mja mzito, au mtoto aliyelegea asiyetoa machozi, msingoje kuche: mleteni kituoni, mkimnywesha njiani. Atakayebaki nyumbani aanze kwa kuosha beseni.