Kimea si cha Pombe Tu

Hapa Kiwira neno kimea si geni. Akina mama wanaopika kimpumu hulowesha ulezi, huuotesha, huuanika na kuusaga. Leo tujifunze namna kimea hicho kinavyomsaidia mtoto aliyetimiza miezi 6.

Tumbo la mtoto ni dogo. Uji mwepesi hulijaza upesi, kumbe ni maji mengi, unga kidogo. Mtoto anashiba, mwili una njaa. Tukiukoroga uwe mzito, kuumeza ni taabu. Tufanyeje?

Tuuangalie wanga. Wanga ni chembe za sukari zilizoshikana kama pete za mnyororo mrefu. Ukipikwa hunywa maji na kuvimba, ndipo uji unakuwa mzito. Punje ya ulezi inapoota hutengeneza kimeng'enya. Hicho ni kama mkasi unaochagua: hukata minyororo ya wanga, lakini makapi hakiyagusi. Minyororo ikiwa mifupi, uji hulainika na kuwa mtamu kidogo. Unga haukupungua. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania waliuchunguza uji wa namna hii kwa ajili ya watoto.

Namna ya kutengeneza

1. Chagua ulezi safi. Usitumie mbegu iliyotiwa dawa. Usitumie mtama, maana machipukizi yake yana sumu.

2. Osha, loweka usiku mmoja, chuja, kisha funika kwa kitambaa chenye unyevu siku 2 au 3 mpaka uote. Ukiona ukungu, tupa wote.

3. Anika juani, pukuta machipukizi, saga.

4. Pika uji mzito, epua, uache upoe kidogo. Kwa nusu lita ya uji tia kijiko kikubwa 1 cha kimea, koroga, ngoja dakika 10. Usikitie kwenye uji unaotokota, kwani kimeng'enya huharibika na mkasi haukati tena.

5. Uji ukilainika, urudishe motoni uchemke, vijidudu vife. Usiongeze maji.

Uji huu si pombe, kwa sababu hatuuachi uchachuke. Mtoto aendelee kunyonya.

Maswali

1. Kwa nini mtoto anaweza kushiba uji na bado akakonda?

2. Kimea hukata nini? Hakigusi nini?

3. Kwa nini uji huepuliwa kwanza, halafu huchemshwa tena?