Kiwanja cha mteremko: tafuta mistari kabla ya nukta

Chora mstatili mdogo na kila pembe uiandikie kimo chake. Pembe A ni mita 100.00. B ni 101.20. C, iliyo mkabala na A, nayo ni 100.00, na D ni 101.00. Sasa jibu: katikati ya mstatili huo pana kimo gani? Ukiunga A na C, katikati ni 100.00 na umepata bonde. Ukiunga B na D, katikati ni 101.10 na umepata mgongo. Pembe ni zilezile na vipimo ni vilevile, lakini majibu yamepishana kwa mita 1.10, karibu kozi tano za tofali. Programu ya kuchora itachagua mstari mmoja kati ya hiyo miwili bila kukuuliza, na picha itakayokuonyesha itapendeza kwa vyovyote vile.

Kijana anayejifunza kuchora ramani za nyumba asome tena aya hiyo kabla hajafungua kompyuta. Programu zote ninazozijua, iwe SketchUp, ArchiCAD, Revit au Civil 3D, huijenga ardhi kwa pembetatu, kwa sababu nukta tatu hukaa kwenye bapa moja siku zote ilhali nukta nne hazina ahadi hiyo. Kanuni inayotumika sana kuchagua pembetatu ilitolewa mwaka 1934 na mwanahisabati wa Kirusi, Boris Delaunay: duara linalopita kwenye pembe tatu za pembetatu lisimeze nukta nyingine yoyote ndani yake. Ni kanuni nzuri, kwani huzuia pembetatu nyembamba kama sindano. Ila inatazama tu nukta zilivyokaa kwenye ramani. Korongo haiijui.

Nayasema haya nikiwa na viwanja vya Migato akilini. Migato ni kata ya Wilaya ya Itilima, mkoani Simiyu. Kabla ya mabadiliko ya mwaka 2012 eneo hilo lilikuwa chini ya Bariadi, mkoani Shinyanga. Anayepita kwa gari huiona nchi hiyo kama tambarare tu. Wenyeji wanaijua zaidi, na Wasukuma wameupa kila udongo wa mteremko jina lake: juu luseni, wenye mchanga, chini ibambasi, unaokauka ukawa mgumu kama sakafu, kisha mbuga, udongo mweusi mzito unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua. Katikati ya hayo kuna njia za ng'ombe ambazo maji yamezifuata na kuzichimba. Mteremko wa namna hiyo haushuki kwa ulaini. Hushuka kidogo, hukatika, hulala, hukatika tena. Penye kukatika ndipo mchoraji anapotakiwa kuwa na vipimo.

Kwa hiyo siku ya kwanza nenda kiwanjani bila kompyuta. Tembea na mwenye kiwanja, au na mzee jirani, na umuulize maji ya mvua huingilia wapi na hutokea wapi. Kisha tafuta mistari ya aina nne: mgongo ambapo maji hugawanyika, mkondo ambapo maji hukutana, kingo ambapo ardhi inakatika (juu yake na chini yake, hiyo ni mistari miwili, si mmoja), na mzunguko wa jiwe lolote lililotokeza. Mahali rangi ya udongo inapobadilika pakague kwa makini, maana mara nyingi na mwinamo hubadilika hapo. Piga mambo, yaani vigingi, kwenye kila mstari pale unapopinda na pale unapobadili mwinamo. Ukimaliza mistari ndipo ujaze nukta chache katikati. Kiwanja cha mita 24 kwa 30 chenye mambo 40 yaliyopigwa hivyo kitachoreka vizuri kuliko chenye mambo 100 yaliyopangwa kwa hatua sawa, kwa sababu korongo la upana wa mita moja linaweza kulala kati ya safu mbili lisiguswe na kipimo hata kimoja.

Vimo vipimwe kwa chombo gani? Kama mpima yupo na chombo chake, vizuri. Kama hayupo, mpira wa maji unatosha kwa nyumba ya kawaida. Tumia mpira mwangavu wa mita 15 au 20, hakikisha hamna mapovu ya hewa, ncha zote mbili ziwe wazi unaposoma, na usiuache nusu juani nusu kivulini, kwani maji yaliyopashwa moto ni mepesi na kipimo kitahama. Soma kila nukta kutoka kwenye alama moja ya mwanzo, na alama hiyo iwe juu ya jiwe lililozama ardhini au zege la zamani. Ipake rangi na uiite 100.00 ili usije ukashughulika na namba hasi. Kamwe usiiweke alama ya mwanzo kwenye mambo yaliyopigwa ndani ya mbuga. Udongo ule unapanda na kushuka kwa majira, na mambo hupanda na kushuka nao.

Wengi huniuliza kama hawawezi kupakua vimo vya setilaiti wakaokoa siku nzima. Vimo vinavyopatikana bure vilivyoenea zaidi vilitokana na safari ya chombo cha Endeavour cha Marekani mwezi Februari 2000, na vimetandazwa kwa nukta moja kila baada ya mita 30 hivi. Kiwanja chetu cha mita 24 kwa 30 kitaangukiwa na nukta moja, pengine mbili. Tena rada ile ilisoma vilele vya miti na mapaa pamoja na ardhi. Vimo hivyo vinakusaidia kujua kilima kizima kinaelekeza maji upande gani, na kwa kazi hiyo navipenda. Msingi wa nyumba usivitegemee.

Simu nayo ina mitego yake. Kimo inachotoa huenda kikahesabiwa kutoka kwenye umbo la kihesabu la dunia badala ya usawa wa bahari, na katika Kanda ya Ziwa tofauti ya viwili hivyo inazidi mita kumi. Ramani za zamani za serikali zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, simu hutumia WGS 84. Ukichanganya, kiwanja kinahama takribani mita 300. Na hata mfumo ukiwa sahihi, Simiyu iko katika kanda ya 36 Kusini ya gridi ya ramani, ambako namba ya kaskazini huzidi milioni 9.5. Ukiiingiza namba hiyo kama ilivyo kwenye SketchUp, mistari huanza kutetemeka na nyuso hugoma kufunga, kwa sababu umechora mbali mno na kitovu cha mchoro. Toa kiasi kilekile kwenye kila nukta hadi kiwanja kikae karibu na sifuri, na kiasi hicho ukiandike pembeni ya mchoro.

Sasa kaa kwenye kompyuta. Panga jedwali lenye namba ya nukta, mashariki, kaskazini, kimo, na herufi ya mstari: M kwa mgongo, K kwa korongo, J kwa jiwe, au herufi zako mwenyewe. Chora kwanza mistari peke yake, kila nukta ikiwa kwenye kimo chake, ili mchoro ufanane na nyaya zilizotandikwa hewani. Katika SketchUp chagua nyaya hizo zote kisha tumia kifaa cha kutengeneza ardhi kutokana na kontua, yaani mistari inayounga nukta za kimo kimoja. Kifaa hicho hakidai kontua halisi, hupokea mstari wowote. Toleo la bure la kompyuta la mwaka 2017 bado linacho. ArchiCAD ina uso wa wavu unaokubali mistari ya migongo. Revit tangu toleo la 2024 ina ardhi yenye unene, nayo hupokea nukta na mistari ya kuigawa. Civil 3D imezoea kazi hii, hivyo iambie tu kwamba mistari ile ni ya mikatiko na isivukwe na pembetatu.

Kisha kagua, na hapa usiwe mvivu. Futa pembetatu ndefu za pembezoni ambazo programu imejizulia kwa kuunganisha nukta za mbali nje ya mpaka. Toa kontua za kila sentimita 20 uzisome: zinapovuka korongo lazima zipinde kuelekea juu, na kontua iliyojifunga peke yake mahali pa chini inakwambia pana shimo. Je, uliliona shimo hilo kiwanjani? Kama hukuliona, kuna mstari uliounganishwa vibaya. Tumia kifaa cha kugeuza ulalo uupeleke upande mwingine, kama tulivyofanya kwa A na C. Mwisho, siku ya kupima weka kando nukta tano usiziingize kwenye mchoro. Ukimaliza, linganisha vimo vyake na vile ambavyo mchoro unadai. Zikipishana kwa sentimita tano, endelea. Zikipishana kwa 30, rudi kiwanjani.

Ardhi ikishakuwa ya kweli, mchoro unaanza kukulipa. Tuseme nyumba ni mita 9 kwa 12 na ardhi inashuka mita 1.20 katika urefu wake. Ukiiweka sakafu usawa wa pembe ya juu, unahitaji kujaza mita za ujazo 64.8. Ukiishusha hadi katikati, unachimba 16.2 na kujaza 16.2. Kwa mwenye nyumba anayelipia kila tripu ya lori, uamuzi huo ni pesa nyingi, na unafanyika kwa kusogeza mstari mmoja. Lakini udongo uliochimbwa ukiwa ni mbuga, usiutumie kujazia. Utavimba na kupasua sakafu. Msingi uuchore kwa ngazi zinazofuata ardhi, kila ngazi iwe na kimo cha kozi kamili za tofali ili fundi asilazimike kukata tofali.

Hesabu ile ya pembe nne itumie na kwenye paa, hasa la banda au baraza linaloegemea kuta zenye vimo tofauti. Kwenye mstatili, jumlisha vimo vya pembe zinazokabiliana. A na C zikilingana na B na D, uso ni bapa na bati litalala. Zisipolingana, uso umejipinda. Kompyuta itauchora bila taabu, ila bati litaachia kwenye mapishano na maji yataingia. Badili kimo cha ukuta mmoja, au ligawe paa kwa mstari ulionyooka.

Unapochapisha ramani, alama ya mwanzo ionekane wazi kwenye karatasi: jiwe liko wapi, umbali wake kutoka pembe mbili za nyumba, na maneno "hapa ni 100.00". Fundi atakuja na mpira wake wa maji, na bila jiwe hilo vimo vyote ulivyoandika havina pa kuanzia. Nakuomba usimkabidhi mchoro usio na alama hiyo.