Klachi Ikiungua Mara ya Tatu, Hesabu Meno ya Sproketi



Miongoni mwetu wapo wanaosoma mchana na kuendesha bodaboda jioni ili walipe ada. Mmoja wao, ambaye tunakaa naye hosteli moja hapa Kampala, alinijia muhula uliopita baada ya swala ya Isha akiwa amekata tamaa. Pikipiki anayoendesha si yake. Kila Jumamosi humpelekea tajiri hesabu. Ndani ya miezi mitano klachi ilikuwa imeungua mara tatu. Seti mbili za kwanza alizinunua kwa pesa ya ada. Ilipoungua ya tatu, tajiri alimwambia: "Kijana wangu, nitanunua hii. Ukiiua nayo, rudisha funguo."

Yeye aliamini anauziwa vipuri feki. Fundi aliamini kijana hajui kuendesha. Mimi nasoma uhandisi wa mitambo, na nakiri kwamba moyoni nilikuwa upande wa fundi. Akaniuliza: "Injinia, niambie ukweli. Mimi ndiye ninayeiua?" Sikuwa na jibu, ndipo tukakaa chini kutafuta. Somo hili ni yale tuliyoyapata, nami nayaandika kwa sababu wenye shida hii ni wengi.

Klachi inafanya kazi gani

Klachi ya pikipiki nyingi za bodaboda ina sahani, ambazo mafundi huziita pleti, za aina mbili zilizopangwa kwa kupishana: zenye utando wa kusuguana na za chuma tupu. Zote zinaogelea ndani ya oili ya injini. Springi huzibana pamoja, na zikibanana, nguvu ya injini inafika kwenye gia, kisha kwenye mnyororo na tairi la nyuma. Ukivuta mkono wa klachi, unaondoa mbano wa springi kwenye sahani nazo zinaachiana.

Wakati wa kuondoka, injini inazunguka na tairi limesimama. Kwa sekunde chache sahani lazima zisuguane mpaka mwendo wa tairi uifikie injini. Msuguano huo ni joto, nayo oili hulibeba. Sekunde zikiwa nyingi mno, au joto likija tena kabla la kwanza halijaondoka, utando unaungua.

Kwa hiyo klachi iliyoungua inakuambia kwamba joto lilizidi. Haikuambii limetoka wapi. Ukibadilisha sahani bila kutafuta chanzo cha joto, umenunua muda tu.

Sikiliza kabla ya kufungua

Tafuta mlima usio na magari mengi, panda na mzigo wa kawaida, kisha sikiliza sauti ya injini ukiilinganisha na mwendo.

Sauti ikipanda lakini mwendo haupandi, klachi inateleza. Dalili hii huanza kuonekana kwenye gia za juu, mlimani, au mzigo ukiwa mzito.

Sauti ikishuka pamoja na mwendo, injini ikakoroma kama inayotaka kuzima, basi klachi imeshika vizuri. Tatizo ni uwiano wa gia, uzito, au injini yenyewe kupoteza nguvu. Ukinunua sahani hapa umetupa pesa.

Umebana mkono wa klachi mpaka mwisho, bado pikipiki inataka kwenda au nyutro haipatikani? Hapo klachi haiachii. Angalia waya uliolegea au sahani zilizopinda.

Na ukisikia mnyororo unagonga na kuruka, chunguza meno ya sproketi. Yakiwa yamechongoka na kulala upande mmoja kama meno ya papa, badilisha sproketi zote mbili pamoja na mnyororo, kwa sababu kipuri kipya kikifungwa na kilichochakaa huchakaa upesi.

Pikipiki ya rafiki yangu, siku chache baada ya kufungwa klachi mpya, ilitoa sauti ya pili: ilikoroma. Wiki kadhaa baadaye ilianza kutoa ile ya kwanza. Mpangilio huo ulitupa mwanga: kabla klachi haijaanza kuteleza, kulikuwa na kitu kingine kinachoielemea.

Waya na oili

Tulianza na vitu visivyo na gharama. Mkono wa klachi unatakiwa uwe na mchezo kidogo kabla haujaanza kuvuta. Kwa pikipiki nyingi ni kati ya milimita 10 na 20 ukipima kwenye ncha. Wake haukuwa na mchezo wowote. Waya ukikaza hivyo, springi hazipati nafasi ya kubana sawasawa, na klachi inateleza kidogo kidogo siku nzima bila dereva kujua.

Kisha oili. Oili ya pikipiki yenye klachi inayoogelea iwe na alama ya JASO MA, MA1 au MA2 kwenye chupa. JASO MB imetengenezwa kupunguza msuguano na haifai klachi hizi. Oili nyingi za magari zinazosifiwa kuokoa petroli zina viungo vya kulainisha vyenye athari hiyohiyo. Yake ilikuwa sahihi, ingawa ilikuwa imepitwa na muda wa kubadilishwa.

Tulirekebisha waya, tukabadilisha oili, tukampandisha abiria mmoja. Bado ilikoroma mlimani.

Hesabu ya meno

Hapo ndipo tulipofungua kifuniko cha sproketi ya mbele na kuhesabu. Kitabu cha pikipiki ile kinataka meno 14 mbele na 42 nyuma. Nyuma tulikuta 42. Mbele tulikuta 15.

Gawanya ya nyuma kwa ya mbele:

42 ÷ 14 = 3.00
42 ÷ 15 = 2.80

Jino moja limepunguza nguvu ya kuvuta kwenye tairi kwa karibu asilimia 7. Kwenye barabara tambarare utalifurahia, kwa kuwa mwendo uleule unaupata injini ikiwa imetulia zaidi. Mlimani utalilipia. Na kumbuka, jino moja mbele ni sawa na karibu matatu nyuma: 39 kwa 14 inatoa 2.79.

Sasa tazama joto. Pikipiki ikiondoka kwenye tambarare huku injini ikishikiliwa kwenye mzunguko mmoja, joto linaloingia kwenye klachi linakaribia kulingana na nishati ya mwendo ambayo chombo kimeipata pale sahani zinaposhikana, yaani nusu ya uzito mara mwendo mara mwendo. Chukua pikipiki ya kilo 115, dereva wa kilo 65 na abiria wa kilo 70. Jumla ni 250. Tuseme kwa meno 14 sahani zinashikana kwenye kilomita 15 kwa saa, yaani mita 4.17 kwa sekunde. Joto ni kama jouli 2,170. Kwa meno 15, injini ikiwa kwenye mzunguko uleule, zitashikana kwenye kilomita 16.07 kwa saa, na joto ni kama jouli 2,490. Ongezeko ni karibu asilimia 15 kila unapoondoka. Mlimani ni zaidi, kwa sababu sahani zinasuguana huku uzito ukivuta nyuma.

Mtu anayeondoka mara 10 kwa siku anaweza asione tofauti. Bodaboda wa Kampala huondoka mara nyingi sana, na milima ya mji huu mnaijua.

Sehemu ya dereva

Fundi naye hakukosea kabisa. Rafiki yangu alikuwa na tabia ya kuishikilia pikipiki mlimani kwenye foleni kwa nusu klachi badala ya breki, na ya kuondoka na gia ya pili. Tabia hizo huchoma klachi hata sproketi ikiwa sahihi. Ukisimama mlimani, shika breki, weka nyutro au bana klachi yote, kisha ondoka na gia ya kwanza na uachie mkono mapema bila kupiga resi.

Ukilazimika kufungua

Pima unene wa sahani za msuguano na ulinganishe na kipimo cha kitabu. Laza zile za chuma juu ya kioo uone kama zimepinda. Zikiwa na rangi ya bluu, zimepata joto kali. Pima urefu wa springi, kwa kuwa springi iliyofupika haibani. Angalia pia kama kikapu cha klachi kimechimbika pale sahani zinapokaa. Sahani mpya zilowekwe kwenye oili ya injini kabla ya kufungwa. Na ukiwa bado unatafuta chanzo, badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uende kingine.

Tulivyomaliza

Tulimpelekea tajiri ile sproketi ya meno 15 mkononi. Aliitazama kidogo, akasema ni yeye aliyeifunga, zamani alipokuwa akiiendesha mwenyewe njia ya Entebbe na kutaka mwendo. Alikuwa ameshasahau. Pesa ya seti mbili hakuirudisha, lakini alisamehe hesabu ya wiki mbili. Rafiki yangu naye alimwambia wazi habari ya nusu klachi, ingawa hakuulizwa. Chombo cha mtu ni amana, na nadhani ukweli huo ndio uliomwachia funguo. Muhula mzima umepita, na klachi ni ileile.

Zoezi

1. Pikipiki ina meno 14 mbele na 45 nyuma. Uwiano ni ngapi? Ukifunga 15 mbele, nguvu ya kuvuta inapungua kwa asilimia ngapi?
2. Katika mfano wetu wa meno 14, ongeza gunia la matoke la kilo 60. Joto la kuondoka linakuwa jouli ngapi?
3. Pikipiki inakoroma mlimani na mwendo unashuka pamoja na sauti. Utaanza kuangalia nini, na kwa nini hutaanza na sahani?