Tuandike Mpango Kabla ya Kutoa Hela

Wengi wetu tuliomaliza kisomo sasa tunaandika barua wenyewe, tunasoma kadi ya kliniki, na chenji tunaihesabu bila kupunjwa. Lakini mwombe mwenzetu mwenye genge au kiduka akuonyeshe karatasi aliyoiandika kabla hajaanza biashara yake. Atacheka. "Hesabu zangu ziko kichwani," atakwambia. Leo tuzungumze juu ya karatasi hiyo.

Methali tunaijua sote: mali bila daftari hupotea bila habari. Ni kweli. Ila daftari hueleza mambo yaliyokwisha kutokea: umeuza nini, unamdai nani. Mpango huandikwa mapema, wakati hela ingali mkononi. Ukikosea katika mpango, unafuta kwa raba. Ukikosea baada ya kununua, huenda ukalipa kwa mbuzi wako.

Hebu tuchukue mfano wa mama mmoja wa huku kwetu Dodoma anayetaka kununua alizeti, kuikamua na kuuza mafuta. Bei tutakazotaja ni za mfano tu. Wewe weka za kijijini kwenu. Mama huyu amekopa shilingi 600,000 katika kikundi cha kuweka na kukopa. Atarudisha 660,000 baada ya miezi sita. Ameambiwa na jirani kwamba mafuta yanalipa, naye anaamini, maana jirani amepiga bati.

Tumwombe aketi aandike. Magunia 10 ya alizeti kwa shilingi 50,000 kila moja ni 500,000. Kuyapeleka mashineni, 30,000. Kukamua, 50,000. Madumu 8 ya kuwekea mafuta kwa shilingi 4,000 ni 32,000. Jumla yake ni 612,000. Hapo tayari kalamu imesema jambo: mkopo hautoshi, zimepungua 12,000. Afadhali alijue hilo akiwa nyumbani kuliko akiwa mashineni huku watu wamepanga foleni.

Sasa aandike mapato. Tuseme kila gunia limetoa lita 16. Magunia 10 yatatoa lita 160. Akiuza lita kwa 4,500 atapata 720,000. Mashudu nayo, akiwauzia wafugaji wa kuku na ng'ombe, yampe 70,000. Jumla 790,000. Toa gharama 612,000, zinabaki 178,000. Toa na riba ya kikundi 60,000. Faida yake ni shilingi 118,000.

Mpaka hapo biashara si mbaya. Lakini tumwulize swali moja ambalo watu hawapendi kuulizwa: mafuta ya kupikia nyumbani kwako yatatoka wapi? Atajibu, "Aa, si nitachota humo humo!" Basi, lita moja kwa wiki, kwa miezi sita, ni lita 26. Lita 26 mara 4,500 ni shilingi 117,000. Faida iliyobaki ni shilingi 1,000.

Sisi hatusemi watoto wasile. Tunasema mafuta hayo yaandikwe. Kama familia itakula lita 26, basi mama ajue kwamba faida yake ameila sufuriani. Vinginevyo mwisho wa miezi sita atamshuku mume, atamshuku mtoto aliyetumwa dukani, hata jirani wa bati atashukiwa, kumbe mwizi hayupo. Na hapo bado hatujagusa waliokopa. Shemeji akichukua lita mbili akasema "nitaleta Jumamosi", hiyo ni 9,000, na faida yote ilikuwa 1,000. Mama ameingia katika hasara kwa sababu ya heshima ya shemeji mmoja.

Jambo la pili ni miezi. Kwetu mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na kwa mwaka haifiki hata milimita 600 katika sehemu nyingi za Dodoma. Alizeti huvunwa kuanzia Mei hadi Julai, nayo huwa rahisi wakati huo. Watu nao huwa na hela baada ya mavuno. Januari na Februari ghala zimepungua na ada na sare za shule zinadai. Mtu anayetakiwa kurudisha mkopo mwezi wa Februari, tena kwa kuuza mafuta katika kijiji chenye njaa, amejifunga kamba mwenyewe. Chora miezi 12 kwenye karatasi, kila mwezi andika: hela itaingia kiasi gani, itatoka kiasi gani. Mwezi wa taabu utauona. Lakini usinakili karatasi ya mtu wa mbali. Kwa wakulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi miezi ya hela ni mingine, maana zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, karibu na Februari-Machi na tena Agosti-Septemba. Mwenye kiduka huko hawezi kupanga kama mwenye kiduka cha Kibaigwa anayetegemea soko la mahindi.

Pengine utasema: mbona wakubwa wanaandika mipango na inaanguka? Ni swali zuri, na jibu lake liko Kongwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Uingereza iliandika mpango wa kulima karanga, ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zake Tanganyika, ili Waingereza wapate mafuta. Wataalamu walikagua nchi kwa haraka, sehemu kubwa kwa ndege. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Matrekta yakavunjika kwenye mizizi na mibuyu, udongo wakati wa kiangazi ukawa mgumu kama tofali, na mvua ikakataa. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zilikuwa zimepotea. Karatasi walikuwa nayo. Walichokosa ni kuwauliza Wagogo habari za mvua, na kujaribu kwanza shamba dogo.

Kwa hiyo mpango wako uwe na mambo uliyoyauliza kwa miguu yako. Nenda mashineni, uliza gunia hutoa lita ngapi. Wala usimwulize mwenye mashine peke yake, waulize na wanaotoka na madumu. Kamua gunia moja kwanza. Andika ulichokiona, siyo unachokitamani.

Tena karatasi hii ina faida mbele ya ofisi. Kwa mujibu wa sheria, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa ili utaratibu urekebishwe, kisha ikarudishwa. Kikundi kinachoomba hutakiwa kuonyesha andiko la mradi. Wapo wanaomlipa mtu wa mjini awaandikie. Sisi hatuipendi njia hiyo. Ofisa maendeleo ya jamii akiwauliza "kwa nini mmeandika lita 20 kwa gunia?", wanachama hutazamana. Andikeni wenyewe, hata kwa mwandiko wa kupinda, kisha mpelekeeni awasahihishe. Ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, nayo ipo Dodoma, na kazi yake mojawapo ni kuwafundisha wenye miradi midogo kama yenu.

Maswali ya kujadiliana darasani au katika kikundi:

Yule mama afanye nini ili abaki na zaidi ya shilingi 1,000? Auze bei ya juu, asubiri mafuta yapande, apunguze ya nyumbani, au akope kidogo zaidi kwa magunia mengi? Fanyeni hesabu ya kila njia kwenye daftari.

Katika biashara yako wewe, ni kitu gani unachochota nyumbani bila kukiandika? Na kwa mwezi ni cha shilingi ngapi?

Shemeji aambiwe nini?