Wili Alaimenti: Gharama Ndogo Inayolinda Gharama Kubwa

Leo tunaingia gereji. Sisi si mafundi wa magari, lakini tunajua jambo moja kuhusu gari lenye umri: halikumalizi kwa bili moja kubwa. Linakumaliza kidogokidogo, thao mbili hapa, thao tano pale, mpaka siku unayokaa chini na kujumlisha.

Na magari yenye umri ni mengi. Hapa Kenya gari la mtumba linaruhusiwa kuingizwa nchini mradi halijapita miaka 8. Kwa hivyo hata lile ambalo jirani analiita jipya mara nyingi lilishatembea miaka kadhaa kabla ya kushuka Mombasa.

Mwenzetu na matairi yake

Mwenzetu mmoja ofisini ana gari dogo la mwaka 2009. Mwezi wa Juni alinunua matairi mawili ya mbele kwa Sh15,000, akafanyiwa wili alaimenti kwa Sh2,000. Agosti gari likaanza kuvuta kushoto. Alaimenti tena, Sh2,000. Oktoba likavuta tena. Akalipa Sh2,000 nyingine. Novemba akaegesha magurudumu yakiwa yamekatwa kona, akaona upande wa ndani wa tairi umelika mpaka nyuzi zinachungulia. Kwa nje tairi lilionekana zima kabisa! Tairi kama hilo linaweza kupasuka barabarani, na yeye wiki hiyo alikuwa anajiandaa kwenda ushago na watoto.

Akanunua matairi mengine, Sh15,000. Safari hii fundi mwingine aliinua gari kwanza, akatikisa magurudumu, akacheka kidogo. "Mkubwa, tairodi zimekwisha. Hata ukifanya alaimenti kila wiki, haitakaa." Tairodi mbili pamoja na kazi zilikuwa Sh4,600, na alaimenti ya mwisho Sh2,000.

Jioni hiyo alifungua ujumbe wa malipo kwenye simu yake, akajumlisha: Sh42,600. Kama angeanza na tairodi mwezi wa Juni, angetumia Sh21,600. Pesa zilizopotea ni Sh21,000. Huu ni mfano wa mtu mmoja, na bei za mtaani kwako zinaweza kuwa tofauti. Lakini somo ni lilelile.

Alaimenti ni nini hasa?

Angalia kiatu chako cha kila siku. Mtu anayekanyaga kwa upande, kisigino chake huisha upande mmoja, hata kama kiatu ni cha bei ghali. Tairi ni hivyo hivyo. Alaimenti ni kurekebisha mielekeo ya magurudumu ili yakanyage sawa na yote yatazame mbele. Yakitazamana kidogo tu, au yakiachana, kila kilomita tairi linaburuzwa kwa upande badala ya kuviringika.

Dalili ni hizi:

- Gari linavuta upande mmoja kwenye barabara tambarare.
- Usukani umepinda ilhali gari linaenda moja kwa moja.
- Tairi linalika upande wa ndani au wa nje kuliko katikati.

Kabla hujakimbia kulipa, pima upepo. Tairi moja likiwa na upepo mdogo, gari huvuta vilevile. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango wa dereva.

Tena usichanganye alaimenti na balansi. Kama usukani unatetemeka ukifika kasi ya 80 au 90 pale Thika Road, lakini gari haliendi upande, huenda tatizo ni balansi, yaani uzito wa gurudumu haujasambaa sawa. Hiyo ni kazi tofauti na bei tofauti. Mweleze fundi dalili, usimwagize dawa.

Fuata mpangilio huu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hivyo soma polepole.

1. *Gari liinuliwe kwanza.* Mwambie, "Fundi, hebu tikisa magurudumu kabla ya mashine." Likicheza ukilishika kushoto na kulia, tairodi zinashukiwa. Likicheza juu na chini, ni boljointi au beringi. Aangalie na raba za bushi kama zimepasuka.
2. *Kilichokufa kibadilishwe.* Alaimenti juu ya vyuma vilivyolegea ni kama kupiga pasi nguo ambayo haijafuliwa.
3. *Matairi mapya yawekwe,* kama yanahitajika. Angalia namba nne za mwisho za tarehe ubavuni mwa tairi. Kwa mfano, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi "jipya" linaweza kuwa limezeeka dukani.
4. *Alaimenti iwe ya mwisho.* Kama mashine ni ya kompyuta, omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Hiyo ndiyo thibitisho lako kwamba kuna kitu kilichorekebishwa.

Urudie lini? Wengi hufanya kila kilomita 10,000 hivi au mara moja kwa mwaka. Ukigonga shimo kwa nguvu, ukipanda ukingo wa barabara, au ukibadilisha tairodi, usingoje tarehe.

Na zile sevisi nyingine?

Oili na filta yake zibadilishwe kwa kilomita zinazopendekezwa, si hadi taa iwake. Pedi za breki zikianza kulia, usiongeze sauti ya redio. Maji ya rediata yaangaliwe asubuhi injini ikiwa baridi. Na kama injini yako inatumia mkanda wa taiming (nyingine hutumia cheni), jua ulibadilishwa lini. Mkanda huo ukikatika ukiwa barabarani, unaweza kuharibu injini yenyewe.

Geuza bili kuwa akiba

Mwenzetu alikaa na sisi tukamsaidia kupanga mwaka wake:

- Sevisi ya oili mara mbili: Sh12,000
- Alaimenti mara mbili: Sh4,000
- Pedi za breki: Sh5,000
- Matairi manne ya Sh30,000, akitarajia yadumu miaka mitatu: Sh10,000 kwa mwaka
- Dharura na spea ndogondogo: Sh11,000

Jumla ni Sh42,000, yaani Sh3,500 kwa mwezi. Ukitazama vizuri, ni karibu sawa na zile alizotumia kwa matairi ya mbele, tairodi na alaimenti pekee! Sasa kila mshahara ukiingia, Sh3,500 zinaenda kwenye akiba ya simu kabla ya kitu kingine. Gari likilia mwezi wa Januari, haligusi karo ya watoto.

Unapolipa

- Kubaliana bei yote kabla ya kazi: spea ni ngapi, kazi ni ngapi.
- Lipa kwa nambari ya tili ya biashara inapowezekana, na soma jina linalotokea kabla hujakamilisha malipo. Jina likiwa tofauti na ulilotarajia, simama uulize.
- Fundi akiomba pesa za spea mapema, lipa duka la spea moja kwa moja ikiwezekana, na uombe kurudishiwa ile ya zamani uione.
- Usifute ujumbe wa malipo. Kwenye daftari andika tarehe, kilomita na kilichofanywa. Siku ukiuza gari, mnunuzi atapenda kuona rekodi hiyo.
- PIN ni yako peke yako. Hata fundi wako wa miaka kumi haihitaji.

Kazi ya nyumbani

Leo jioni fungua ujumbe wako wa malipo wa miezi sita iliyopita na ujumlishe yote yaliyokwenda gereji. Kisha toka nje, kata usukani hadi mwisho, na uangalie upande wa ndani wa matairi ya mbele. Ni dakika kumi tu. Mwenzetu angefanya hivyo mwezi wa Agosti, seti moja ya matairi ingekuwa bado mfukoni mwake.