Friji la Dukani Linapogoma Jioni

SWALI: Mwenye duka la vinywaji huko Titye, Kasulu, ana friji la mlango wa kioo. Asubuhi linapoza vizuri. Jioni linalia "tik" kila baada ya muda mfupi na soda zinabaki vuguvugu. Fundi anataka kuongeza gesi. Akubali?

JIBU: Asikubali kwanza. Gesi haiishi kwa kutumika, huzunguka tu ndani ya mabomba yaliyozibwa. Ikipungua kuna tundu, na tundu halichagui saa.

Tatizo la jioni mara nyingi ni umeme. Volti za kawaida Tanzania ni 230, lakini nyumba nyingi zikiwasha vyombo kwa pamoja, walio mwisho wa laini hupata pungufu. Kompresa hujaribu kuanza, hushindwa, huchemka, na kinga yake hukata: ndiyo hiyo "tik". Fundi apime kwenye soketi saa mbili usiku, friji likijaribu kuwaka. Mita ikisoma chini ya 200, inunuliwe stabilaiza inayohimili mkupuo wa kuanzia na inayochelewesha umeme dakika 3 hadi 5 ukirudi, ili presha ya gesi ishuke.

Volti zikiwa sawa, washukiwa ni relei na kapasita za kuanzishia kompresa.

Na vumbi jekundu la kiangazi! Likiziba kondensa, joto halitoki. Plagi ichomolewe, brashi laini ipitishwe kufuata mapezi, feni ikaguliwe.

Kibandiko cha friji kikisomeka R600a, gesi hiyo hushika moto. Hata kukiwa na tundu, bomba lisichomelewe kabla haijatolewa yote, nje penye hewa.